Mshahara Niliomtungia Semeni

Cherehani yangu iko barazani, Kibiti mjini, na meza yangu ya kukatia nguo inatazamana na mlango wa duka la pembejeo la Mzee Yassin. Kati yetu kuna njia tu, tena nyembamba. Mtu akikohoa mle dukani nasikia, na akinong'ona pia nasikia, kwa sababu nimeumbwa hivyo na sioni haja ya kuomba radhi. Naitwa Mwantum. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikaachika, nikanunua cherehani. Haya ninayoyaeleza ni ya Semeni, si yangu, ingawa mimi ndiye niliyeyaharibu mwishoni, au niliyeyatengeneza. Mpaka leo sijui.

Semeni alikuwa mpangaji wangu, chumba cha uani. Wazazi wake ni Wamatumbi walioshuka kutoka milimani huko kusini wakajenga kando ya barabara ya Lindi kabla hajazaliwa. Baba yake alikuwa na mikorosho, na mikorosho ile ndiyo iliyomsomesha: shule ya msingi miaka saba, sekondari minne, kidato cha tano na cha sita miwili, kisha mitatu Morogoro akisomea kilimo. Miaka kumi na sita. Kila alipopanda darasa shamba lilipungua, na siku aliyovaa joho baba yake alikuwa amebakiwa na kipande cha nyuma ya nyumba. Mzee wa watu hakununa. Alikuwa akisema binti akianza kupokea mshahara watanunua shamba jingine, kubwa kuliko lile.

Alikaa miaka minne akitafuta kazi. Alituma barua, akafanya usaili, akasimama juani na wenzake mia kwa nafasi mbili. Mwisho akaenda kuomba kuuza duka la pembejeo, maana angalau dawa na mbegu anazijua. Mwenye duka la kwanza aliitazama shahada yake akamrudishia. "Weye si wa hapa, binti. Ukiitwa kazini kesho utaniachia duka wazi." Wa pili alicheka. "Nikulipe nini mie? Umenizidi." Alipofika kwa Mzee Yassin akatoa cheti cha kidato cha nne peke yake. Akaajiriwa siku hiyohiyo, laki moja kwa mwezi na chai ya asubuhi. Mimi msimu wa sare za shule laki moja naipata kwa siku nne. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu yeye mwenyewe alilijua hilo, na kodi yangu alinilipa akiangalia chini.

Shahada aliniomba nimfichie, nikaiweka sandukuni chini ya vitambaa vya wateja. Tangu siku ile msichana akaanza kuishi na hofu. Ungemwona ungedhani kaiba mahali. Aliogopa kukutana njiani na mtu waliyesoma naye. Aliogopa kuandika mbele ya Mzee, maana mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyeandika sana. Makopo ya dawa yameandikwa Kiingereza, naye alijizoeza kuyasoma kwa kukwamakwama, akifuata herufi kwa kidole. Nikiwa barazani nilikuwa namwona, msichana wa chuo kikuu anajifanya hajui neno, na nilikuwa nakasirika mpaka nakata uzi ovyo.

Lakini sikumlaumu. Msichana aliyemtangulia pale alikuwa na diploma. Aliwaambia wateja wawili kwamba dawa waliyoshika imepita muda wake, na jioni yake akaambiwa asirudi tena. Kwa hiyo Semeni alipoanza, Mzee Yassin alimpa sheria moja tu. "Weye uza. Usihubiri."

Mwaka jana, mwezi wa saba, mavuno yamepamba moto, alikuja Mtoro. Huyu ni mtu wa Maparoni, kule delta, analima mpunga na kuvua kaa kwenye mikoko. Kila mwaka alikuwa anakuja dukani pale mara mbili tatu, mtu wa vicheko. Siku hiyo alifika kwenye saa tatu asubuhi, na furaha yake niliisikia kabla sijamwona.

"Mpunga umeitika, Mzee wangu," alisema. "Magunia arobaini na mawili. Sina pa kuyaweka, yote nimeyapandisha dunguni."

Kwa asiyejua, dungu ni nyumba ya miti inayojengwa shambani juu ya nguzo ndefu. Watu wa bondeni huhamia huko msimu mzima, wao na watoto wao, walinde mpunga na ndege na nguruwe, na wakae juu maana usiku viboko hupanda kutoka majini kuja kula. Dungu lina chumba kimoja. Kitu kikiwekwa humo, kinalala na watu.

"Nangoja bei ipande," Mtoro akaendelea, "lakini fukusi na panya washaanza kazi. Nimeambiwa mna vidonge."

Vidonge hivyo vilikuja kwenye mkebe wa bati wenye picha ya fuvu. Ni vya maghala makubwa, na havitakiwi kuuzwa kimoja kimoja, lakini Mzee Yassin aliufungua mkebe na kuvifunga vichache vichache kwenye nailoni, fundo juu ya fundo. Vilikuwa vinatoka kuliko chumvi.

"Nipe kumi. Nitavipenyeza kati ya magunia, nifunike turubai, halafu na kuta nizikandike nyufa zote."

"Ndivyo," Mzee Yassin akasema. "Ziba sana, dawa isitoke."

Mtoro akacheka. "Watoto watanishukuru, panya wamewatesa. Mwaka huu vitanda tumevitoa kabisa. Wanalala juu ya magunia, wametulia kama wana wa sultani."

Nilikuwa nimeinua kichwa. Semeni alikuwa ameunyoosha mkono kumpa Mtoro kifurushi kile cha nailoni, naye Mtoro amekishika, lakini Semeni hakukiachia. Mtoro akakivuta kidogo. Mzee Yassin akageuka akamtazama msichana wake, bila ukali, kumtazama tu. Semeni akakiachia. Mtoro akaaga, akapanda bodaboda, akaondoka.

Kuanzia hapo mpaka adhuhuri Semeni alisimama nyuma ya kaunta hajakaa. Mteja aliyeomba mbegu za bamia alimpa za nyanya. Mzee Yassin alipotoka kwenda msikitini ndipo akavuka njia, akaja akanisimamia, midomo imekauka.

"Mama, nimeua watu," aliniambia.

Nikamwuliza watu gani. Akanieleza haraka haraka, kwa sauti ya chini, macho yanaangalia upande wa msikiti. Kidonge kile si dawa ya kumwagia, alisema. Kikikaa wazi kinavuta unyevu wa hewani, na kikishavuta unyevu kinatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo ndiyo inayoua wadudu, na panya, na mtu. Ghala linafungwa siku kadhaa hakuna anayekanyaga humo. "Na yeye anaziba nyufa, mama. Watoto wanalala juu yake."

"Na ulimwachia aende?"

"Mzee alikuwepo."

"Kwa hiyo?"

"Msichana wa kidato cha nne hayajui haya. Angeniuliza nimeyajuaje."

Nilimtukana. Nasema kweli, nilimtolea maneno ambayo sijawahi kumtolea mtoto wa mtu. Nilimwambia kama kusoma kwenyewe ndiko huko, afadhali baba yake angebaki na mikorosho yake. Alikuwa ameshaanza kuhesabu saa kwa vidole, Mtoro atafika kwake lini, na nilipomwona hivyo hasira zikanitoka, ikaingia hofu.

Namba ya simu ya Mtoro hatukuwa nayo. Hata tungekuwa nayo, mashambani Maparoni mtandao unatoka na kurudi utakavyo. Semeni akarudi akafunga duka mchana kweupe, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alijua anachokifanya. Mzee Yassin anaweza kukusamehe mengi lakini duka lililofungwa siku ya mauzo hasamehi. Mimi nikaitupia shuka cherehani yangu, tukamwita Dulla wa bodaboda, tukapanda mshikaki, watatu pikipiki moja, mpaka bandari ya Nyamisati, mimi katikati, vumbi mpaka kwenye meno.

Tulifika saa nane na nusu. Boti lililomchukua Mtoro lilikuwa limeondoka tangu saa tano. Tukampata nahodha mmoja, Hemedy, mwenye boti la faiba na mashine. Akatazama maji, akasema yanapwa, tungoje mpaka magharibi. Semeni akamwambia hatuwezi. Hemedy akasema basi tukikwama tusimlaumu.

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Sijui kuogelea, na mikoko siipendi. Tuliingia kwenye mikono ya mto, pande zote mizizi imesimama kwenye tope, hakuna nyumba, hakuna mtu, na kila tulipokata kona kulikuwa na mkono mwingine unaofanana na ule tulioutoka. Nilikuwa nimeshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Semeni alikaa mbele, anahesabu kwa sauti. Mtoro kafika kwake saa saba. Kala. Kapenyeza vidonge saa nane. Kafunika. Kakandika. "Huku delta hewa yenyewe ni maji," alisema. "Vitaamka upesi."

Nikamwuliza mtu anakufaje. Sijui kwa nini niliuliza.

"Kichwa kinauma. Halafu kutapika, kifua kinabana. Watu wanadhani malaria, wanamlaza. Na wanamlaza pale pale."

"Dawa yake?"

"Hakuna. Kumtoa nje tu, na Mungu."

Tukakwama saa tisa na nusu. Boti lilikaa juu ya tope, na Hemedy akazima mashine, akawasha sigara. Kimya kile kilinitia woga kuliko safari yote. Kaa wadogo walikuwa wanatoka mashimoni kutuangalia. Jua lilikuwa linashuka na sisi hatusogei, na nikajikuta nawaza watoto ambao sijawahi kuwaona, nikiwapanga juu ya magunia, mmoja, wawili, watatu. Semeni aliteremka. Alizama mpaka mapajani, akaanza kulisukuma boti peke yake, analia huku anasukuma, na boti halikusogea hata shibiri. Hemedy akamwambia, "Dada, panda. Maji yanarudi yenyewe." Yalirudi baada ya saa nzima, na saa ile niliiona ndefu kuliko uchungu wa mwanangu wa kwanza.

Maparoni tulifika jua limelalia mikoko. Tukafuata vijia vya mashambani, mabua ya mpunga yanatuchoma miguu, tukiuliza kwa Mtoro kila tuliyekutana naye, mpaka tukaonyeshwa. Dungu lake lilikuwa kubwa, la nguzo ndefu, na kuta zote zimekandikwa udongo mbichi. Ulikuwa bado unang'aa kwa maji.

Mkewe, Mwanawetu, alikuwa chini anapika. Tulimsalimu, akatukaribisha vizuri tu, akatafuta kitu cha kutukalisha. Semeni hakukaa. "Watoto wako wapi, dada?"

"Wawili wapo hapo nyuma wanachambua kunde. Mdogo, Maimuna, yupo juu kalala. Kichwa kinamgonga tangu alasiri, na katapika mara moja. Kesho tutampeleka zahanati."

Semeni akaiendea ngazi. Hapo ndipo Mtoro alipotokea kwenye mpunga, panga mkononi, akamwona mwanamke wa watu anapanda dungu lake bila hodi.

"We binti, simama hapo."

Semeni akasimama kwenye ngazi. Akamweleza kutoka pale pale, kwa pumzi moja: vidonge, hewa, sumu, mtoto atolewe sasa hivi, turubai lifunuliwe, kuta zibomolewe, asilale mtu humo wiki nzima. Mtoro alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na cheko tena.

"Weye si ndiye uliyeniuzia asubuhi?"

"Ndiye."

"Asubuhi hukusema neno. Jioni umenifuata mpaka huku, na nauli yako, unaniambia nibomoe nyumba. Kakutuma nani?"

Nilimwelewa anachofikiri, na nyinyi wa huku mtamwelewa. Mwaka juzi dalali mmoja alipita mashambani akawaambia watu mpunga wao umeshika ukungu wa sumu, wauze upesi kabla haujakataliwa. Wakauza kwa bei ya kutupa. Ukungu haukuwepo. Mtoro alikuwa mmoja wao. Sasa ana magunia arobaini na mawili, anangoja bei, na mtu wa dukani kaja kumtisha.

"Sikutumwa na mtu, kaka," Semeni akasema. "Niliogopa kusema mbele ya Mzee. Nisamehe. Mtoe mtoto kwanza, halafu nipige ukitaka."

"Nimtoe nimlaze wapi? Chini hapa? Jana kiboko kapita kwenye jiko hilo hapo. Nguruwe ndio usiseme. Niwalaze wanangu chini kwa maneno yako? Weye umesoma mpaka wapi hata ukayajua haya?"

Semeni akanitazama. Kisha akalisema. "Nimesoma kilimo chuo kikuu, kaka. Nina shahada. Vidonge hivi tulifundishwa."

Nilidhani yameisha. Mtoro akatikisa kichwa polepole, na ile hasira yake ikageuka ikawa kitu kibaya zaidi, ikawa uhakika.

"Sasa ndiyo nimejua unanidanganya. Binti wa shangazi yangu alikaa duka lile miaka ya nyuma. Mshahara wa Yassin naujua, laki moja. Laki moja mie naipata kwa kaa wa wiki moja, na sikumaliza darasa la tano. Mtu wa chuo kikuu akae pale kwa laki moja? Shuka ngazini."

Semeni hakushuka. Kila alilosema lilikuwa kweli, na kweli yenyewe ndiyo iliyomfanya aonekane mwongo. Juu mle mtoto akakohoa, kikohozi kidogo kilichochoka, na Mwanawetu akaacha mwiko kwenye sufuria akatazama juu. Lakini hakusogea. Alikuwa anamwangalia mumewe.

Mimi sijui maneno yalitoka wapi. Naapa sikuyapanga.

"Mtoro," nilisema, "nilikatazwa kukwambia, lakini sasa basi. Huyu si muuzaji wa Yassin. Huyu ni afisa, katoka wizarani. Yupo pale kwa siri, anayachunguza maduka haya yanayouza sumu. Asubuhi asingeweza kusema, angejiumbua. Hiyo laki ya Yassin ni ya kujifichia. Mshahara wake mwenyewe ni milioni mbili na nusu kwa mwezi. Gari lake tumeliacha Nyamisati."

Mtoro akanigeukia. "Kiasi gani?"

"Milioni mbili na nusu."

Semeni alinitazama kana kwamba nimemzaba kofi. Nilimkazia macho asifungue mdomo. Mtoro akamwangalia upya yule binti kwenye ngazi, matope mpaka mapajani, kanga imelowa, na sijui aliona nini. Akaweka panga chini.

"Mwanawetu," akasema, "panda umlete mtoto."

"Nipande mimi," Semeni akasema. Alikuwa ameshafika juu. Alijifunga kanga puani, akapiga mlango teke, akaingia. Nilihesabu. Nilifika kumi na nne ndipo akatoka na mtoto begani, na nyuma yake ikashuka harufu. Tulipokuwa kwenye boti sikumwuliza harufu yake ikoje, lakini nilipoisikia niliijua, ya kitunguu saumu kilichooza. Mwanawetu naye aliisikia. Ndipo alipopiga yowe, mara moja tu.

Maimuna alikuwa na miaka minne. Midomo yake ilikuwa imefifia rangi na kichwa kinaning'inia. Semeni alimlaza upande upepo unakotoka, mbali na dungu, akamlegeza nguo, akakaa anamhesabia pumzi. Mtoro alipanda akakata kamba za turubai, akabomoa ukuta wa udongo kwa mateke, anatoka kuvuta pumzi, anarudi. Mwanawetu alichota ndoo ya maji ili amwagie vidonge, afanyavyo mtu yeyote mwenye akili akitaka kuzima kitu. Semeni aliiona ndoo ile tokea mbali.

"Si maji, dada. Maji ndiyo yanayoviamsha. Ukimwagia tumekwisha."

Mwanawetu akaiweka ndoo chini kwa taratibu sana, akajisogeza nyuma, mikono kaikunja kifuani.

Usiku ule tulilala kwenye dungu la jirani, watu tisa. Sikulala. Maimuna alitapika tena mara mbili, na kila alipotulia nilimwona Semeni anaweka mkono mbele ya pua yake. Alfajiri mtoto aliomba uji. Mtoro alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ametupa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alitusindikiza mpaka kwenye boti, tukapeana namba za simu. Alibeba nusu gunia la mchele, wa zamani, uliokuwa kwa jirani. Sasa alikuwa anamwita Semeni "Afisa", na hakumtazama usoni, kwa adabu. "Pokea, Afisa. Najua kwa mshahara wako huu si kitu. Lakini ndicho nilicho nacho."

Semeni akaupokea kwa mikono miwili. Njia nzima mpaka Nyamisati alinipa mgongo.

Mchele ule ndio tuliokula, yeye na mimi, maana Mzee Yassin alikuwa ameshabadilisha kufuli. Hakumwuliza alikwenda wapi. Alimtupia mfuko wake wa nguo za kazini mlangoni, basi. Semeni alikwenda kwa wahusika akaeleza habari za vidonge, jina lake likaandikwa, akaambiwa watafuatilia. Siku hizi anakaa na mimi barazani. Anashona vifungo na kupinda mapindo, namlipa kwa kila nguo. Mikono yake ni mizuri. Mimi mwenye miaka saba ya shule ndiye ninayemlipa mwenye kumi na sita, na kila Ijumaa nikimpa fedha yake naona haya mimi badala yake.

Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba ya Mtoro. Mavuno mengine yamefika. Alisalimia, akaulizia Afisa hajambo, nikamwambia hajambo. Akasema bintiye mkubwa yuko darasa la saba, mwakani ni sekondari, na yeye ameamua. Ameuza mtumbwi na mitego yote ya kaa, na mpunga wa mwaka huu wote utaingia ada, kidato kwa kidato, mpaka chuo kikuu. "Nataka naye aje apate kama ule wa Afisa," alisema.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa nimeshaanza, "Mtoro, nisikilize," lakini akanikatiza, ana jambo jingine. Jirani yake mwingine, siye yule tuliyelala kwake, kanunua vidonge mwaka huu, kavitia dunguni mwake, kalala navyo siku mbili na hakudhurika, na sasa anapita akiwacheka watu waogopao. Anamwambia Mtoro alidanganywa akabomoa nyumba bure.

"Mie namwambia haya kaniambia mtu wa milioni mbili na nusu, si mtu wa mtaani," Mtoro alisema. "Nimemwambia avitoe, anabisha. Hasadiki kuna mshahara huo. Yupo hapa ananisikiliza, na watoto wake watano. Hebu mtajie mwenyewe, Bi Mwantum. Afisa analipwa kiasi gani vile?"

Semeni alikuwa kando yangu, kifungo mkononi, sindano mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Aliacha kushona. Nilimtazama anikataze au aniruhusu, naye akainamisha kichwa kwenye shati la mteja.

Nikautaja uleule. Niliogopa kupunguza hata shilingi moja.